Kulabu ya Tatu

Mimi ni Anatole, fundi. Kama hujui karakana yangu hapa mjini Baraka, waulize wale wanaopanda barabara ya Misisi. Watakuambia: yule mzee mwenye mdomo, lakini mkono wake una akili. Zamani nilifurahi kusikia hivyo.

Kazi yangu ni kuziongezea pikipiki vitu ambavyo kiwanda hakikuvifikiria. Waliozitengeneza hawajaona matope yetu, wala hawajavuka mto ambao daraja lake limebaki nguzo mbili tu. Mimi nimeona, nimevuka, na mara mbili nimesombwa. Kwa hiyo nachomelea.

Kati ya zote nilizowahi kuzigusa, hakuna niliyoipenda kama ya Claver. Claver Ndikuriyo alikuwa mkulima Mrundi, alikuja huku mkimbizi, akapata shamba upande wa Kilembwe, akalima maharage kama mtu anayegombana na udongo. Alinunua pikipiki ya magurudumu manne iliyoachwa na mradi fulani uliofunga milango. Ilikuwa imekufa, majani yameota hadi kwenye kiti. Wanaume sita waliisukuma mpaka kwangu, wakicheka njia nzima.

Nilikaa nayo miezi mitatu. Niliifungia bomba la maji, likapanda kutoka kwenye injini hadi juu ya kichwa cha dereva, ili injini ivute hewa hata mto ukifika kifuani. Nilikata minyororo ya pikipiki kuukuu, nikaiunga iwe ya kuvalisha matairi wakati wa matope. Ubavuni nilifunga mbao mbili za kutandika pale daraja linapokosa sakafu. Nyuma niliweka kitanda cha nondo: ukikikunja unapakia magunia, ukikikunjua unalaza mgonjwa. Ubavu wa kushoto nikachomelea kulabu tano za kutundikia madumu.

Chini ya kulabu ya tatu nikaficha swichi.

Hiyo swichi ndiyo iliyonipa jina. Ukiizima, ufunguo unabaki kipande cha chuma tu. Utasukuma, utatukana, utasali; injini haikohoi. Kila mteja namwekea mahali tofauti, na mahali hapo panajulikana na watu wawili: yeye na mimi. Wezi wa barabara ya Misisi wamewahi kuacha pikipiki zangu porini kwa hasira, wamezipiga mateke na kwenda zao.

Lakini lazima niseme habari ya Guy. Guy alikuwa anapeleka mafuta ya taa na sabuni kwa wachimba dhahabu. Siku moja mwanamke alinipigia simu akilia, eti ni mke wake, Guy ameanguka, anavuja damu, swichi iko wapi? Nikamwambia. Roho yangu iliniambia nimwambie. Kumbe Guy alikuwa amefungwa kwenye mti, na yule mwanamke alikuwa wa wezi. Pikipiki ilikwenda, na Guy alikuja kukaa mbele ya karakana yangu siku nzima.

Tangu hapo niliandika mlangoni kwa rangi nyekundu: SIRI YA SWICHI HAITOLEWI KWA SIMU. Na kila mteja nilimwapisha. Claver nilimwambia, "Hata bibi yako wa ndoa usimwambie."

Akacheka. "Papa Anatole, hata padri sitamuambia."

Basi. Alhamisi moja ya mwezi wa nne, mvua ikiwa imetoka tu kupumzika, simu yangu ililia saa tatu asubuhi. Namba ngeni. Sauti ya mwanamke, na analia.

"Papa Anatole, ni miye Kezimana, bibi ya Claver. Nyoka imemuuma mu shamba. Macho inajifunga, ulimi imekuwa nzito, hawezi tena kusema. Mashini haiwake. Ufunguo tuko nao. Utuambie fasi ya kuwashia!"

Maneno yaleyale. Kilio kilekile.

"Nipe Claver," nikasema.

"Hawezi kusema, nimekuambia! Na hayuko hapa. Réseau ya simu iko juu ya kilima tu. Nimemuacha kule chini na Juvénal, jirani wetu. Juvénal anajua kuendesha. Ni kuwasha tu, papa."

"Siku nilipomkabidhi mashini, mumeo aliniletea nini?"

"Sijue. Hakuniambiaka."

Bila shaka hakumwambia. Aliniletea jogoo mwekundu, akasema tusimwambie mke wake maana alikuwa jogoo wake. Lakini mimi, katika ukali wangu, nilichosikia ni kwamba hajui.

"Mama," nikasema, "uongo wako nimeshausikia. Mwambie aliyekutuma kwamba Anatole hadanganywi mara mbili."

"Papa, mi siko mwizi! Mi siko mwizi! Anakufa!"

Nikakata.

Nilipiga namba ya Claver. Imezimwa. Nikapiga tena. Imezimwa, kama ilivyokuwa ya Guy siku ile. Nikachukua msasa nikaanza kusugua tairi lililotoboka, nikalisugua mpaka kitambaa cha ndani kikaonekana. Niliogopa, nakiri. Niliogopa kuwa nimekosea, na niliogopa zaidi kuwa sikukosea, kwamba Claver naye amefungwa kwenye mti. Na chini ya woga wote huo kulikuwa na kiburi: swichi yangu imeshinda tena. Mungu anisamehe, nilikiona na nikakiacha kikae.

Saa tano simu ikalia. Namba ileile. Safari hii hakulia. Alikuwa anahema kama aliyepanda kilima akikimbia, na ndivyo ilivyokuwa.

"Papa Anatole, sikuulizi tena swichi. Tulimubeba mugongoni, pumuzi ikakatika. Tukamuweka mu shuka, ikakatika tena. Anapaswa kulala sawasawa. Niambie tu namna ya kutosha kile kitanda ku mashini. Vifungo vimeshika. Tutamubeba kwa mikono mpaka Fizi."

Msasa ukanidondoka.

Mwizi anataka injini. Hakuna mwizi duniani anayekimbia kupanda kilima kuomba kitanda cha nondo.

"Kezimana!" Nilipiga kelele mpaka watu wa barabarani wakageuka. "Kezimana, usitoe kitanda! Ubavu wa kushoto, kulabu za madumu. Ya tatu. Ingiza kidole chini yake, sukuma mbele. Ya tatu! Rudia!"

"Ya tatu. Kushoto. Kusukuma mbele."

"Kimbia, mama. Nisamehe. Kimbia!"

Alishakata.

Nilimpigia Florentine, muuguzi wa hospitali ya Fizi. Akasema dawa ya sumu ya nyoka ipo, wafike tu, lakini kwa nyoka wa namna hiyo kila dakika ni kitu. Aliniuliza ameumwa saa ngapi. Nikamwambia asubuhi. Akauliza, "Na mpaka sasa munangoja nini?"

Nilipanda pikipiki yangu, nikapita Fizi bila kusimama, mpaka mtoni, pale daraja lilipoanguka. Hapo nikakwama. Bomba la kupumulia nimewafungia watu wote, yangu sikuifungia. Maji yalikuwa ya kifua. Nikasimama ukingoni pamoja na akina mama waliokuwa wakingoja maji yapungue, vikapu vya mihogo vichwani, nikasali kwa sauti bila aibu.

Saa nane nilisikia injini. Naijua sauti ile. Nikaona Miguu Minne, ndivyo tulivyoiita, inateremka ukingo wa pili, Juvénal ameshika usukani, minyororo inang'ata matope. Haikuteleza hata kidogo. Ikaingia majini, maji yakapanda magurudumuni, yakapanda kwenye kiti, na bomba langu likabaki juu likivuta hewa. Injini haikukata. Akina mama wakapiga vigelegele. Kwa kitambo kidogo, pale pale, nilijivunia.

Kisha ikapanda kwetu, nikaona kitanda. Kilikuwa kimekunjuliwa vizuri, kimenyooka. Kezimana alikuwa amepiga magoti pembeni yake, na kitenge chake kilikuwa kimemfunika Claver mpaka juu ya uso.

"Ilikuwa ni kule nyuma, ku ile daraja ya mbao mbili," Juvénal alisema polepole. "Tulishatandika, tukavuka muzuri. Kuangalia nyuma, hapumui."

Nilisema, "Mama Kezimana."

Alishuka, ameloa mpaka kifuani. Hakunitukana. Laiti angenitukana. Alizunguka upande wa kushoto, akainama, akaingiza kidole chini ya kulabu ya tatu, akavuta. Injini ikanyamaza, na mto ukaanza kusikika.

"Bamama, mukuje," akasema. "Mukuje wote muangalie. Iko hapa. Chini ya hii ya tatu. Hata mutoto anaifikia."

Wakatua vikapu, wakaja, wakainama mmoja mmoja kuangalia. Akanitazama mpaka zamu yangu ilipofika, nami nikainama.