Kiingereza cha Kifo cha Abdiwali

Abdub alikuwa na meza na taipureta chini ya mwavuli, katika uwanja wa ofisi ya malalamiko, Habaswein. Kwa miaka kumi na miwili aliwaandikia watu barua za Kiingereza, maana ofisi haikupokea lugha nyingine. Ustadi wake ulikuwa kulainisha maneno ili barua isirudishwe.

Jumanne asubuhi Fatumo alimweleza jinsi mumewe, Abdiwali, alivyokufa. Wanaume watatu wenye sare walimburuta kutoka kisimani, wakamng'oa meno kwa kitako cha bunduki, wakamkanyaga mbavu na kumvunja mkono, kisha wakampiga risasi ya shingo mbele ya ngamia wake. Fatumo hakulia. Alitaka karatasi iseme hivyo hivyo, kwa sababu wanawe wangekuja kuisoma.

Abdub akaandika 'died', kama anavyokufa mzee kitandani. Papo hapo meno mawili ya mbele ya Abdub mwenyewe yaling'oka yakaangukia taipureta. Akayaweka kando, akafuta damu, akajaribu 'was injured', alijeruhiwa. Ubavu mmoja ukavunjika, kisha wa pili. Muuza chai wa jirani alimletea kitambaa, akamkumbusha kwamba bega lake lililovunjika wiki iliyopita lilitokana na kulainisha maneno vivi hivi.

"Walalo, ndugu yangu," Fatumo akasema, "hakufa. Waliua yeye. Hiyo neno iko kwa Kisungu ama haiko?"

Lilikuwepo. Abdub alilijua tangu shuleni, ila alilikwepa kama mbwa mkali. Mficha maradhi kifo humuumbua, na shingo ilikwisha kuanza kumwasha. Akaandika 'murdered', aliuawa. Maumivu yakakoma, naye akaona aibu kwamba ilikuwa rahisi hivyo.

Ndani, afisa Justus aliwapokea kwa heshima. Alikuwa na jicho moja, na miguu yote miwili ilikuwa ndani ya plasta. Alisoma, akalikata neno kwa kalamu nyekundu, akaandika 'died' juu yake. Mkono wake ukavunjika, mfupa ukatoboa shati. Akahamishia kalamu mkono wa kushoto, akapiga muhuri.

Fatumo akamuuliza kwa upole, "Afande, na kuhusu huo mkono utaandika nini?"

"Niliteleza bafuni, mama."

Droo yake ilijaa fomu za kuteleza bafuni. Akachomoa moja, akamwomba Abdub amjazie. Abdub aliifikiria ile meza yake, iliyokaa uwanjani kwa ruhusa ya Justus, akashika kalamu. Mfupa wa mkono wa Abdub ulivunjika kabla hajamaliza mstari wa kwanza, na mjane aliyefuata akaitwa aingie.