Jina Aliloliimba Mara Nne

Vijana wa Kikongo kama arobaini walikuwa wamefunga mlango wa ukumbi, na walisema Maribel Oquendo haimbi Brussels. Maribel mwenyewe alikuwa kiti cha nyuma cha gari langu la kukodiwa, tumeegesha karibu na Porte de Namur, kona moja tu kutoka kwa hao vijana. Alikuwa na gauni jekundu la jukwaani, na juu yake koti langu la mvua.

Ilikuwa Jumapili alasiri, Novemba 2013. Onyesho lilipangwa saa kumi kwa sababu watazamaji wake ni akina mama, na Jumatatu akina mama wa kwetu wanaamka alfajiri kwenda kuogesha wazee na kusafisha ofisi.

Asiyekuwa Kongo mwaka 2002 hawezi kumjua huyu mwanamke, kwa hiyo nieleze. Alizaliwa Maracaibo, Venezuela, akaanza kuimba kwenye harusi akiwa bado mtoto. Akiwa na miaka kumi na minane alipewa tamthilia, akacheza mfanyakazi wa ndani aliyenyang'anywa mtoto, na wimbo wa mwanzo akauimba mwenyewe. Tamthilia ikatiwa sauti za Kifaransa, ikafika Lubumbashi. Ilipoanza jioni hukuona mtu barabarani. Umeme ukikatika, watu walipiga kelele kama nyumba imeungua. Mama yangu alimwombea kanisani, tena kwa jina la yule mfanyakazi. Baadaye kwao Venezuela wakapata sura mpya ya kupenda. Albamu yake ya tatu haikununuliwa, mume akaondoka. Alichobaki nacho ni sisi. Matajiri wetu walianza kumwita kwenye sherehe zao.

Ndivyo alivyofika Lubumbashi mwaka 2011, kwenye siku ya kuzaliwa ya mheshimiwa Kalumba, mbunge mwenye kampuni ya shaba. Aliyempeleka ni Donatien, promota wake wa hapa Brussels. Kwetu mwanamuziki akiimba, anakuwepo mtu nyuma yake anayemnong'oneza majina ya wenye pesa, naye anayatupa ndani ya wimbo. Tunaita libanga. Watu wanalipia. Basi Donatien alinong'ona, Maribel akaimba Kalumba mara nne, na ile ya nne akaivuta mpaka wageni wakapanda juu ya viti. Video ilizunguka kila mahali.

Wiki chache kabla ya sherehe hiyo, walinzi wa kampuni ya Kalumba walikuwa wamewapiga risasi na kuwaua wachimbaji sita walioingia mgodini usiku. Hakuna aliyeshtakiwa.

Jambo moja zaidi, halafu narudi garini. Mdogo wangu Antoine alikuwa dereva wa lori kwenye kampuni hiyohiyo, Kolwezi. Alikaa nyumba ya kampuni, watoto wake wanne wakisoma shule ya kampuni. Nilijua hilo nilipokubali kumbeba Maribel. Kazi ni kazi.

Donatien alikuwa kiti cha mbele, simu sikioni, jasho shingoni.

“Ngoy, zunguka nyuma. Kuna mlango ya cuisine, ya jikoni.”

“Nyuma wako pia.”

“Bon, pita katikati yabo. Watatoka.”

“Wasipotoka, nani analala gerezani? Weye ama miye?”

Hapo kioo changu kiligongwa. Nje walikuwa wametuona. Aliyegonga alikuwa Bertin, kijana wa Likasi anayepanga bidhaa kwenye duka moja la mtaa wa Molenbeek. Nyuma yake walikuja wengine, mmoja akapiga bodi ya gari kwa kiganja, mara moja, halafu wakaanza wote. Gari likatikisika. Maribel alishika msalaba wa shingoni.

“Tonton Ngoy, fungua kioo.”

“Sifungui. Sema nasikia.”

“Miye nakuheshimu, tonton. Siku nilihama, ulinibebeaka frigo yangu bure. Donc miye sitavunja kioo yako. Lakini hawa ba nyuma, miye siko papa yabo.”

Nilishusha kioo nusu. Donatien aliniinamia, akamtolea Bertin tabasamu lake la biashara.

“Petit, sema bei. Euro mia? Deux cents?”

“Munamusikia!” Bertin aliwageukia wenzake. “Huyu ata siku ya kufa ataulizaka Mungu mulango ya VIP iko wapi!”

Walicheka, na mikono ikaacha kupiga bodi. Hapo Maribel akaniuliza kwa Kifaransa chake cha kukwaruza, wanataka nini. Bertin alishtuka.

“Ile haiko sauti yake.”

“Ndiyo sauti yake,” nikamwambia. “Ya televisheni ilikuwa ya Mfaransa fulani.”

“Ah bon? Maman yangu alilia miaka mbili juu ya sauti ya muntu mwingine?”

Kisha uso wake ukarudi ulivyokuwa. Akasema polepole, ili nimtafsirie Maribel. Bienaimé, mmoja wa wale wachimbaji sita, alikuwa mdogo wake, tumbo moja.

“Aliimba jina ya Kalumba. Aimbe na jina ya Bienaimé, na ya bale batano. Akikubali tunafungua mulango, na mutatusikia tunapiga makofi. Akikataa haimbi. Ni vile tu.”

Nilitafsiri yote. Donatien alianza kuongea kabla sijamaliza. Alimkumbusha Maribel safari ya Januari, miji mitano: Lubumbashi, Kolwezi, Kinshasa, Pointe-Noire, Luanda. Anayelipia yote ni Kalumba. “Ukiimba majina hayo, miji hiyo imekwisha,” akamwambia. “Turudi hotelini. Tutasema umeumwa koo.”

Maribel hakumtazama. Alinitazama mimi kwenye kioo cha ndani.

“Ngoy. Lile jina nililoimba. Nilifanya nini hasa?”

“Ulimwosha mbele za watu. Ukalipwa.”

“Nilidhani ni siku ya kuzaliwa.”

“Ilikuwa siku ya kuzaliwa pia.”

Bodi ikapigwa tena, mara hii kwa ngumi. Polisi wawili walisogea kutoka upande wa metro, wakasimama kuangalia. Nilijua wakija karibu, kitakachofuata hakitakuwa mazungumzo.

“Waliuawa sita?” Maribel akaniuliza.

“Sita.”

“Donatien, ulijua?”

Donatien alitazama simu yake. “Kila mtu alijua,” akasema.

Maribel alivua koti langu, akalikunja, akaliweka kitini. “Nina miaka thelathini na moja, na mwenye pesa anayeniita ni huyo Kalumba peke yake. Nikirudi hotelini leo, nitakuwa mali yake mpaka nizeeke. Nitayaimba. Lakini siwezi kuyatamka. Lazima mtu aninong'oneze.”

“Siyo mimi,” Donatien akasema, akafungua mlango, akatoka. Walimpisha kwa miluzi. Hakugeuka.

Bertin hakuweza kuingia. Mwenye ukumbi alikuwa amewaambia polisi kwamba kijana yeyote wa maandamano akivuka mlango, anafunga kila kitu. Basi wote wawili wakanitazama.

Nilimwambia Bertin kwa Kiswahili, ili Maribel asielewe. “Mudogo yako alikufa. Yangu angali hai, anakula kwa Kalumba. Nikisimama pale nitaonekana kwenye simu zote. Unaniomba nipoteze yangu juu ya yako?”

Bertin alishika ukingo wa kioo. “Siwezi kukuomba ile, tonton,” akasema. “Ni yeye anakuomba.”

Ningependa kusema nilifikiri sana. Polisi walikuwa wanakuja, na yule mwanamke alikuwa tayari ameshika kitasa.

“Niambie majina,” nikasema.

Aliniambia mara mbili, nami nikayarudia. Kisha tukashuka. Vijana walitufungulia njia nyembamba. Mmoja alimtemea Maribel mate kwenye kiatu, na Bertin akampiga kofi. Tukaingia.

Ndani kulikuwa na akina mama mia tatu walioingia kabla vijana hawajafunga mlango, wamevaa vitenge vya Pasaka katikati ya Novemba. Maribel alianza na wimbo wa tamthilia. Mwanzoni walitazamana, sauti ilikuwa imebadilika tangu tamthilia, imekuwa nzito na yenye mchanga. Lakini kiitikio walikijua kwa Kihispania bila kujua maana yake, wakakiimba.

Palipobaki gitaa peke yake, nilisogea nyuma ya bega lake. Simu zilikuwa zimeshainuliwa.

“Bienaimé Kabange,” nikanong'ona.

Akaliimba. Ukumbi ulidhani ni tajiri fulani, baadhi wakashangilia.

“Mathieu Mwepu.” Akaliimba. “Jérôme Kisimba.” Hapo mama mmoja wa safu ya pili akasimama, akaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Alikuwa ameelewa. Kelele zikaanza kufa, kiti kwa kiti. “Hilaire Kapya.” Akaliimba. La tano alilikosea, akaimba Mukela, na sauti nyingi zikamrekebisha gizani: “Mukeya!” Akalirudia sawasawa. Nililitaja la sita, Kalenga Ilunga, na akalivuta kama alivyolivuta jina la Kalumba ile mara ya nne, mpaka pumzi ikamwisha, na hakuna aliyepanda juu ya kiti. Yule mama wa safu ya pili alikuwa amekaa sakafuni. Nje niliwasikia vijana wakipiga makofi, kama Bertin alivyoahidi.

Kufikia asubuhi video ilikuwa Kolwezi.

Maribel aliipoteza miji mitano, viza ya Kongo na promota. Alirudi Maracaibo. Mwaka 2016 nilimwona kwenye tangazo la sabuni, akicheza mama mkwe, kwa sauti ya mtu mwingine. Antoine alipoteza kazi ya miaka kumi na moja, nyumba ya vyumba vitatu aliyopewa siku mbili kuihama, na shule ya watoto wanne. Mimi nilimpoteza Antoine. Hajapokea simu yangu tangu Desemba ile aliyofukuzwa.