Finjani ya Mpatanishi

Mpatanishi wa kwetu hana pa kula. Akila upande huu, upande ule utasema amenunuliwa. Kwa hiyo miezi yote ya mgogoro wa mpaka, Mutlak alikula mkate na jibini peke yake, nami binamu yake na dereva wake nikiangalia pembeni. Baba yake alikuwa wa huku, mama yake wa kule. Kwa sababu hiyo serikali zote mbili zilimteua, na kwa sababu hiyo hiyo hazikumwamini.

Ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya visima vya Umm Rijm. Mimi visima sikuvijali sana. Nilimjali Wadha, dada yake wa pekee, aliyeolewa kule. Lango la mpaka lilifungwa tangu uhasama uanze, na sasa figo zilikuwa zikimmaliza. Mutlak aliruhusiwa kufika kwenye hema la mazungumzo, pale mpakani, asivuke hata kidogo.

"Mwombe Sheikh Mijbil amlete Wadha hapa," nilimwambia tulipofika. Mijbil aliongoza ujumbe wa kule, na mume wa Wadha ni wa ukoo wake.

"Nimekuja kwa kazi ya watu, Sanad."

"Kwani wewe si mtu?"

"Wewe endesha gari," akasema, akacheka kidogo.

Ndani, Mijbil alimmiminia kahawa kwa mkono wake. Mutlak akaipokea, akaiweka chini bila kuionja. Hema zima likaikazia macho finjani ile. Kwetu mgeni akiweka finjani chini ana ombi, na ombi ni moja tu. Asipokubaliwa ataondoka bila kunywa, na aibu itabaki kwa mwenyeji.

"Kunywa, mwanangu," Mijbil akasema kabla hajaambiwa lolote. "Ulilokuja nalo umelipata."

Nilikuwa nimekaa nyuma ya Mutlak. Niliomba kimoyomoyo amtaje dada yake. Wajumbe wa huku kwetu walimkodolea macho, nikaona shingo yake inalowa jasho.

"Visima viwe vya wote," akasema. "Mifugo ya huku na ya kule inywe pamoja."

Mijbil akainama kumwelekea. "Hilo tu?"

"Hilo tu."

"Limekuwa. Kunywa."

Akanywa. Watu wakakumbatiana, wakapiga picha, na waliokuwa hawasalimiani wakaanza kuitana ndugu. Nilitamani kuwatukana wote.

Jioni, tukiwa tunataka kuondoka, Mijbil alikuja mwenyewe mpaka kwenye dirisha la gari.

"Visima tulikuwa tumeshakubaliana kuvitoa tangu jana," akasema. "Finjani ile nilikuachia kwa ajili ya Wadha. Mumewe alimleta. Alikuwa amekaa nyuma ya hema, anangoja umtaje."

Mutlak akafungua mlango. "Yuko wapi?"

"Wameshamrudisha."

"Mlete tena, Sheikh. Nakuomba."

"Kahawa umeshainywa, mwanangu. Wakubwa walinipa ruhusa ya ombi moja, nami kwao sina neno jingine." Mzee wa watu alikuwa analia.

Mutlak akashika mlango kwa mikono yote miwili. "Alinisikia?"

"Hema ni kitambaa tu. Alisikia yote."

"Akasema nini?"

"Alimwambia mumewe waondoke taratibu, wasikusumbue," Mijbil akasema. "Alisema uko kazini."