Sauti ya Kipanga

Fundi cherehani alikuwa na binti mmoja, na binti huyo alikuwa na mdomo. Kila jioni akitoka shule alikaa kwenye kompyuta kuukuu kando ya meza ya kukatia nguo, hedifoni kichwani, akicheza gemu ya vita na wenzake asiowajua hata kwa sura. Humo aliitwa Kipanga. Baba alishazoea kushona huku akisikia, "Nyuma yako! Haya, kimbia!"

Ghafla binti akaanza kucheza kimya. Wiki nzima, hata kukohoa hakuna.

"Mama, unaumwa?"

"Hapana, baba."

"Mbona kama umemeza kufuli?"

 Binti akamvisha baba hedifoni, akasogeza kipaza sauti mdomoni mwake mwenyewe na kusema, "Habari zenu."

Baba akasikia vicheko vya wavulana. "Ni yule demu! Rudi jikoni wewe!" Mwingine akaongeza neno ambalo mtu mzima hulionea haya hata akiwa peke yake.

Akavua hedifoni. "Tangu lini?"

"Tangu wajue mimi ni msichana. Nikinyamaza, wananivumilia."

"Basi, imetosha. Naizima hii mashine." Akashika waya.

"Baba! Wakose wao, nifungiwe mimi?"

Fundi akamtazama mwanawe, macho yamejaa machozi lakini hayadondoki. Akauachia waya. Akavuta stuli, akaketi.

"Nisamehe, mama. Hebu nionyeshe unafanya nini humo."

Akamwonyesha. Kazi yake ilikuwa kutangulia, kuchungulia adui alipo na kuwaelekeza wenzake.

"Sasa usiposema, utawaelekezaje?"

"Ndiyo maana tunapigwa kila siku."

Baba akamwekea mkono begani. Binti akavaa hedifoni, akavuta pumzi.

"Wawili nyuma ya ukuta, kulia."

Yule wa neno chafu akaanza tena. Binti akamripoti kwa wasimamizi wa gemu, kisha akamzima sauti.  Halafu mchezaji mmoja aliyejiita Kobe akasema, "Jamani, msikilizeni. Kweli wapo wawili. Kipanga, endelea."

Akaendelea. Mwanzoni sauti ilikuwa nyembamba, ya kuomba radhi. Ikanenepa kidogo kidogo, hata akasahau kama baba yupo pale. "Kobe, inama! Inama, nakwambia!"

Mchezo ulipoisha baba akauliza, "Tumeshinda?"

"Tumechapwa vibaya."

"Sasa mbona unacheka mpaka magego yanaonekana?"

"Kobe anauliza kama kesho nitakuwepo."

"Umemjibuje?"

"Nimemwambia asichelewe."

Baba akarudi kwenye gauni la mteja. Akashona huku sikio lake liko kwa binti, ambaye tayari alikuwa akipiga kelele tena. Alipoliinua gauni, akakuta mikono yote miwili ameishona upande mmoja. Akacheka peke yake, akatafuta wembe, akaanza kufumua.