Kozi Juu ya Kichwa cha Wifi

Jumatatu asubuhi fundi miwani alikuwa akikaza skrubu ya fremu ya mteja, wifi yake akaingia dukani. Kozi, ndege mdogo wa jamii ya mwewe, alikuwa amesimama hewani juu ya kichwa chake, shibiri mbili hivi, akipiga mabawa bila kwenda popote.

"Amenianza Ijumaa saa kumi," wifi akasema. "Huna kofia ngumu?"

Fundi hakuwa nayo. Mteja alivaa miwani yake, akajaribu kusoma bango la ukutani, akaomba ndege asogee kidogo maana alikuwa anaziba herufi.

Wifi huyu, mke wa kaka yake, alikuwa karani wa ofisi ya ramani. Kwa miaka kumi na moja, kila Jumapili, wawili hao walikwenda kwenye machimbo ya zamani nje ya jiji kuwatazama kozi wanaotaga kwenye ukuta wa mawe. Fundi ndiye aliyemfundisha mwenzake kushika darubini, kuhesabu mayai na kunyamaza. Hilo la kunyamaza lilichukua miaka mitatu. Jumapili ya jana tu ndiyo wifi hakutokea.

Jumatano tangazo likapigiliwa machimboni: ukuta utalipuliwa kupisha barabara. Chini yake palikuwa na taarifa ya mtaalamu, ya Ijumaa: "Hakuna ndege wanaotaga hapa." Sahihi ilikuwa ya wifi.

Fundi akaenda kwao. Kaka yake alikuwa akitoa manyoya kwenye mchuzi.

"Ofisini walitaka mtu anayewajua ndege," wifi akasema. "Nikawaambia nimefundishwa na wewe. Wakanipandisha cheo."

"Nilikufundisha kuwaona, wifi. Kuwakana ulijifunzia wapi?"

"Karibu chakula kwanza, kitapoa."

Iliuma. Angefanya hivyo mgeni, fundi angemtukana akalala usingizi wake. Huyu alikuwa anampakulia wali.

Barua ya malalamiko ya fundi, yenye hesabu za mayai ya miaka yote kumi na moja, ilipokelewa ofisini na kugongwa muhuri na wifi mwenyewe. Walikuwa wamemhamishia chumba chenye dari ya juu, kwa ajili ya ndege.

Ukuta ukalipuliwa Alhamisi.

Jumapili wifi akaja machimboni kama kawaida, na chupa ya chai. Wakakaa kuutazama uwazi. Kozi hakuonekana, ila yule mmoja.

"Hivi hujaniambia," wifi akasema. "Huyu wangu ni dume au jike?"

Fundi alikuwa amekiona kile kichwa cha kijivu tangu siku ile dukani. Dume, tena aliyekomaa. Na tangu wajuane hakuwahi kumnyima wifi yake jibu.

"Sijui," akasema.