Nusu ya Kushoto

Baba yangu walimwita Rula, kwa sababu mstari wake ulinyooka hata alipouchora juu ya ngazi inayoyumba. Mimi walinibandika Kiberiti, na aliyenijua hakuuliza kwa nini. Tulikuwa mafundi wa mabango na kuta, tena tulikuwa na utaratibu wetu: kitu chenye pande mbili zinazofanana tulikigawana. Baba alipiga uzi wa chaki katikati, akachora kwa chaki umbo zima, kisha akapaka rangi nusu ya kulia. Ya kushoto ilikuwa yangu. Tukimaliza, hakuna aliyeweza kusema mkono wa nani umeishia wapi.

Siku ile kazi ilikuwa kwenye maabara ya shule: mtu mrefu kuliko mlango, ametupa mgongo, ubongo na mishipa yake ya fahamu ikionekana kana kwamba ngozi ni kioo. Tuligombana kabla ya kufungua makopo.

"Safari hii jina langu litakaa chini, pembeni mwa lako," nilimwambia.

"Jina gani? Kiberiti?" Alicheka. "Mwanangu, wewe bado unatembea juu ya chaki yangu kama mtoto anayeshikwa mkono. Siku utakayochora nusu yako bila chaki yangu, andika jina lako, na la babu yako ukipenda."

Damu ilinichemka. Nikatoka kutafuta maji, na huko nikakawia makusudi.

Niliporudi ilikuwa saa nne. Nusu ya kulia ilikuwa imekamilika kwa chaki, naye ameanza kupaka. Kushoto kwa uzi, ukuta ulikuwa mweupe pe.

"Na huku, Mzee?"

"Huku wapi?" Hakugeuka.

"Upande wangu."

"Umbo limetimia. Paka rangi, acha maneno."

Haya, nikasema moyoni. Amenitega. Nikabandika mbele yangu picha ya mishipa tuliyopewa na mwalimu wa biolojia, nikachora bila chaki. Nilichora mikunjo ya ubongo, kama shuka iliyosokotwa ikasukumizwa ndani ya bakuli. Nilichora ubongo mdogo chini yake, unaotuzuia tusipepesuke, na shina la ubongo linaloendesha pumzi hata tukiwa usingizini. Nikashuka na uti wa mgongo, nikaitawanya mishipa begani, mkononi, hadi ncha za vidole. Sijawahi kuchora vizuri namna ile.

Na kila kitu nilikiona. Nilimwona akigonga bega la kushoto kwenye fremu ya mlango. Niliona kandambili ya mguu wa kushoto ikimtoka, naye akaendelea kutembea na moja. Chai iliwekwa kushoto kwake, ikapoa, kisha akalalamika kwamba watu wa shule hii hawana hata chai. Nikimsemesha, alijibu akitazama dirisha la kulia. Nikasema, Mzee kasusa, anajifanya hanioni. Nami nikajifanya simwoni. Tulikaa hivyo saa tano nzima, watu wawili wenye vichwa vigumu, ukuta mmoja.

Saa tisa mwalimu wa biolojia aliingia. "Pole na kazi, baba," alisema. Alitazama mguu mtupu, akatazama mdomo, ambao upande mmoja ulikuwa umelegea.

"Baba, hebu inua mikono yote miwili."

Ukainuka mmoja.

"Miwili, baba."

"Si ndiyo hiyo?" Baba alikasirika. "Mwalimu, unanifundisha kuhesabu?"

Mwalimu akanigeukia mimi. "Tangu lini yuko hivi?"

"Ananitania tu, Mwalimu. Tuna mambo yetu."

Hakucheka. Alinyoosha kidole kwenye nusu ya kulia ya ubongo, rangi ya baba ikiwa bado mbichi. "Nusu hii ndiyo inayoshika upande wa kushoto wa mwili. Kwake imepata kiharusi. Hakususi wewe, kijana. Kwake kushoto hakupo."

Hospitali walimpiga picha ya kichwa. Daktari alitoka na karatasi. "Damu imeganda kwenye mshipa wa ubongo. Ipo dawa ya kuiyeyusha, lakini ni ya saa chache za mwanzo. Zikipita, inaweza kumvujisha damu humo humo kichwani. Ilianza saa ngapi?"

Ilikuwa inakaribia saa kumi na moja jioni. Nilijua jibu ambalo lingenisitiri.

"Saa nne asubuhi," nilisema.

"Nani alikuwa naye?"

"Mimi."

Akafunga kalamu. "Ungemleta adhuhuri," alisema kwa upole, na ule upole ndio ulionichoma.

Baba alirudi nyumbani akiwa na fimbo, mkono wa kushoto ukining'inia. Alikula nusu ya sahani na kulalamika kwamba chakula ni kidogo. Mama aliizungusha sahani, naye akashangaa kimetoka wapi. Hakuna aliyemwambia habari za siku ile. Mimi ndiye niliyepaswa.

Mwezi wa pili baada ya kutoka hospitali, aliomba kuuona ukuta. Nikamsimamisha mbele yake.

"Kazi safi," alisema. "Na yako iko wapi? Ulisusa?"

"Ipo, Mzee."

"Usinidanganye, Kiberiti."

Nikamshika mabega, nikamsogeza polepole hadi mwisho wa ukuta upande wa kushoto, ili nusu yangu imwangukie kulia. Akatazama kwa muda mrefu. Kidole chake kilianzia begani, kikashuka, kikasimama kwenye kiwiko.

"Mshipa huu unapita nyuma ya mfupa. Wewe umeupitisha mbele."

"Nimekosea."

"Chaki alikuchorea nani?"

"Hakuna."

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kipande cha chaki, akanipa. "Na jina hukuandika. Andika."

Chaki ilikuwa na joto la mfuko wake. Sikuandika; nilisogea pembeni yake.

"Mzee, siku ile niliiona kandambili yako ikikutoka," nilisema. "Niliona kila kitu, tangu saa nne. Nilidhani unanitega."

Hakujibu. Macho yake yalikuwa yamehamia kwenye dirisha la kulia. Ndipo nilipogundua kwamba nilikuwa nimesimama kushoto kwake.

Nikazunguka nyuma yake, nikasimama kulia, nikangoja hadi aliponitazama, nikaanza upya.