Kilima Kilichoshonewa Ndani

Yote yalianza na mkanda wa begi. Mteja mmoja mrefu, pua imembabuka kwa jua, aliingia kwenye kibanda cha Mama Vifungo na begi la mgongoni lililoachia mkanda. Lilikuwa limebandikwa vitambaa vya rangi kila upande, na fundi, aliyekuwa ameshona viraka vya kuziba matundu kwa miaka thelathini na saba, hakuelewa mtu anatiaje kiraka mahali pazima.

"Hivi si viraka, mama. Kila kimoja ni njia niliyoitembea kwa miguu," mteja akasema.

Basi cherehani ikawa inaguguna mkanda na yeye anasimulia. Hiki cha bluu, siku arobaini kando ya bahari. Hiki cheupe, mlima wenye theluji, usiku unalala kwenye vibanda na watu usiojua lugha yao, asubuhi mnaagana kama ndugu. Hiki cha njano, jangwani, siku sita bila kuonana na kiumbe ila punda mmoja, naye alikuwa na haraka zake. Mama Vifungo alipima ule mkanda vibaya mara mbili, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu kibanda kifunguliwe.

Jioni hiyohiyo alikwenda kwa wifi yake, dada wa marehemu mumewe, muuguzi mstaafu mwenye mdomo usiojua likizo. Akamwambia yule mteja amemtajia njia ya siku tisa, inaanzia bondeni na kuishia kwenye lango la msitu, na kwamba anataka kuitembea yote.

"Wifi, wewe ni mwendawazimu," muuguzi akasema. "Tunaondoka lini?"

Aliyekataa ni mtoto wake wa kwanza, daktari wa meno, mtu wa kutazama saa hata akiwa chooni. Tangu mwaka jana, mama yake alipozimia akiwa kazini, alikuwa na wimbo mmoja tu: funga kibanda, mama, njoo ukae kwangu, chumba kipo, televisheni ipo. Mama Vifungo hakutaka televisheni. Alitaka kibanda chake, kelele za barabara na wateja wanaodai suruali zimepungua wakati ni wao walionenepa.

"Tukubaliane," akamwambia mwanawe. "Nikifika langoni Jumamosi kabla ya saa kumi, kwa miguu yangu hii, hutasema tena neno la kufunga. Nisipofika, nafunga mwenyewe."

Daktari akamtazama mama yake, umri miaka sitini na minne, kisha akatazama viatu vyake. Akakubali haraka mno, na fundi akaudhika.

Ramani ya njia ilikuja karatasi nane. Mama Vifungo hakuziamini karatasi; mvua moja tu na umepotea. Akakata kingo nyeupe kwa mkasi, akaziunga zote nane kwa cherehani, akaweka bitana kwa nyuma na pindo pande zote. Ikatoka nzuri kiasi kwamba jirani muuza viatu aliuliza kama anaweza kushonewa pazia la namna hiyo.

Wakafunga safari. Na jamani, walifurahi! Siku ya kwanza walicheka kuanzia bondeni mpaka kibanda cha kulala, bila sababu ya maana. Siku ya pili wifi aliteleza akakaa kwenye kijito, akatangaza kwamba hatoki, maji ni matamu. Siku ya nne waliwapita vijana wawili wenye fimbo za kisasa, na mawifi wakajikaza kisabuni, wasiheme wala nini, mpaka walipokata kona ndipo wakajitupa majanini kifudifudi. Kwenye kila kibanda waligongewa muhuri kwenye kijitabu, na Mama Vifungo alikuwa akiutazama ule muhuri kama msichana aliyepata barua.

Kitu kimoja tu kilisumbua. Kila siku walifika wamechelewa kuliko ramani ilivyosema.

"Kilomita za huku ni ndefu," wifi akalalamika.

"Miguu yako ndiyo mifupi. Kwenu wote mko hivyo, hata kaka yako nilikuwa nampunguzia suruali."

Asubuhi ya Jumamosi, siku ya tisa, ramani ilionyesha kilomita kumi na moja, tambarare tupu mpaka langoni. Hakukuwa na haja ya haraka. Wakanywa chai vikombe viwili viwili, wakachana nywele, wifi akapaka na rangi ya mdomo kwa ajili ya picha. Waliondoka saa tatu. Saa nne na nusu wakatoka kwenye miti, wakasimama.

Mbele yao kulikuwa na kilima. Kikubwa, chenye mawe, kimekaa katikati ya njia, na alama za rangi ya njano zinapanda moja kwa moja mpaka juu.

"Wifi, hiki nini?"

"Kilima."

"Nakiona. Kwenye ramani kiko wapi?"

Mama Vifungo akaikunjua ramani. Hakukuwa na kilima. Karatasi ya saba ilikuwa na miti, ya nane ilikuwa na tambarare, na kati yake palikuwa na mshono wake, umenyooka, msafi. Akapitisha kidole gumba juu ya ule mshono, kama anavyofanya na kazi yoyote ikimtia shaka, na papo hapo damu ikampanda kichwani. Chini ya kidole kulikuwa na unene.

Sentimita moja na nusu kila upande. Ndiyo akiba anayoiacha fundi yeyote anapounga vipande viwili, iingie ndani, isionekane, nguo isifumuke. Mkono wake umefanya hivyo maelfu ya mara na haukumwuliza yeye mwenyewe. Akatoa wembe kwenye kibegi cha sindano, akaanza kufumua. Alikuwa ameshona mara mbili, tena kwa uzi wa suruali, kwa hiyo ilichukua muda. Mshono ulipoachia, kikajitokeza: mistari ya kahawia imesongamana, na jina la kilima, na urefu wake.

"Mungu wangu," akasema. "Nimekishonea ndani."

Muuguzi alitazama ramani, akatazama kilima, akatazama ramani. Kisha akaangua kicheko kilichomkalisha chini.

"Watu wanashonea hela kwenye pindo, wewe umeshonea mlima!" Akashika mbavu. Halafu akaishika ramani. "Ngoja. Mishono iko mingapi?"

"Saba."

"Kila mmoja umekula kiasi gani?"

"Sentimita tatu. Kwenye ramani hii ni kilomita tatu."

"Ishirini na moja! Wifi, umenitembeza kilomita ishirini na moja za akiba ya mshono, na ukaisingizia miguu yangu!"

Wakacheka mpaka machozi, lakini Mama Vifungo alicheka huku anaikunja ramani, kwa sababu saa ilikuwa inakaribia tano na kibanda chake kilikuwa upande wa pili wa kile kilima. Wakapanda. Walipanda kwa mikono, kwa magoti, wifi akimtaja kila fundi wa cherehani aliyewahi kuzaliwa. Saa saba na nusu wakawa juu. Pande zote palikuwa wazi, msitu, mto, bonde walilotoka siku nane nyuma, na fundi alijikuta anapiga vigelegele peke yake, mikono juu, koo linawasha. Aliyaona yote yale na akajua ameyapita kwa miguu yake. Hajawahi kuwa na furaha ya namna ile, hata siku ya harusi; siku ya harusi viatu vilimbana.

Kushuka, sehemu ya majani walishuka kwa makalio. Saa tisa kamili walikuwa wamebakiza kilomita mbili, na muda wa kutosha, walipomwona mtu ameketi kando ya njia, kiatu kimoja mkononi.

Alikuwa daktari wa meno. Alikuwa amefika langoni tangu asubuhi, mlinzi akamwambia kuna kilima kikali, akasubiri, akashindwa kusubiri, akaingia msituni na viatu vya ofisini. Kifundo kilikuwa kimevimba, na suruali ilikuwa imechanika kutoka goti mpaka kiunoni.

Shangazi yake akamshika mguu, akaubonyeza. "Haujavunjika. Kelele zako punguza."

"Mama, nenda," daktari akasema. "Utawahi. Shangazi atakaa na mimi."

Mama Vifungo akaenda kweli. Alipiga hatua thelathini hivi, kwa haraka, hesabu ya dakika kichwani. Akageuka. Wifi yake alikuwa anajaribu kumwinua peke yake yule pandikizi la mtu, na mwanawe ameuma meno, mkono mmoja umeshikilia suruali isimwanguke. Akarudi.

"Nimekwambia nenda!"

"Nyamaza, uegemee hapa."

Wakamweka katikati, wakaanza kushuka polepole. Njiani mwanawe akasema, bila kumtazama, "Siku ile nilikukuta kichwa kiko juu ya cherehani. Nilidhani umekufa. Mpaka leo simu ikilia asubuhi, mikono inanitetemeka, na nina mgonjwa mdomo wazi."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia ufunge."

"Hiyo si kuniambia unaogopa, baba."

Alitaka kumkumbatia, lakini angemwachia angeanguka, kwa hiyo akamkaza kiuno zaidi.

Mlinzi wa lango aligonga muhuri wa mwisho, akaandika saa: kumi na dakika hamsini. Mama Vifungo aliusoma, akaupuliza wino ukauke.

"Nimechelewa," akamwambia mwanawe. "Nilisema nitafunga, nitafunga."

Daktari alikuwa amekalia ngazi ya kibanda cha mlinzi, mguu kwenye ndoo ya maji baridi, akijaribu kuvuta pande mbili za suruali zikutane. Hazikukutana. Akamtazama mama yake, nywele zake zilizojaa majani, magoti yake yenye udongo, uso wake uliokuwa bado unawaka.

"Mama," akasema, "Jumatatu unafungua saa ngapi? Nina suruali ya kushonwa."